Jani na Bei ya Maji: Habari za Jangwa la Chalbi

Msafiri aondokaye mji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakati wa alfajiri, huanza safari yake karibu na miti mirefu iliyofunikwa na ukungu, ambayo matawi yake yamevaa ndevu za kijivu za mimea iotayo juu ya magome, na ambayo majani yake hudondosha maji ijapokuwa usiku kucha haikunyesha mvua. Lakini kabla jua halijasimama utosini atakuwa amekwisha kushuka mlima, amepita nyanda za mawe meusi yaliyotapikwa na volkeno zamani, na amefika mbele ya uwanda mweupe, mpana, ambamo jicho hutafuta jani moja la kutulia juu yake na lisilipate. Uwanda huo ndio Chalbi, jangwa lililo mashariki ya Ziwa Turkana. Zamani za kale palikuwa ni ziwa, na hata leo wanajiolojia hukuta katika udongo wake makombe ya konokono walioishi humo miaka kama elfu kumi iliyopita, wakati Afrika ya Mashariki na Sahara zilipokuwa zikipata mvua nyingi kuliko ya sasa.

Masafa kati ya msitu ule na uwanda huu si makubwa, na jua liangazalo huku ndilo liangazalo kule. Juu mlimani hunyesha mvua ya takriban milimita 800 kwa mwaka, na huko chini haizidi sana milimita 150. Mtu akiuliza mbona Chalbi haioti, ilhali jua lipo, hewa ipo, na ardhi ipo tele, ataambiwa kwa haraka kwamba hakuna maji. Jibu hilo ni la kweli, walakini ni nusu ya kweli, kwa sababu maji yapo, japo machache, na lililo la ajabu zaidi ni kwamba hata hayo machache hayazai kile ambacho kwa hesabu yangepaswa kuzaa. Nusu hii ya pili ndiyo niliyotaka kuizungumza, kwani humo ndimo ilimo siri ya jangwa, na wengi huipita bila kuitazama.

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo. Wataalamu wa mazingira wasemapo tija ya mimea, hukusudia kiasi cha mwili mpya, yaani majani, mashina, mizizi, maua na mbegu, ambacho mimea ya mahali fulani hujijengea kwa mwaka mmoja, baada ya kuondoa kile ilichokitumia yenyewe katika kupumua na kuishi. Nao huipima kwa gramu za uzito mkavu katika kila mita moja ya mraba. Katika miaka ya 1970 mwanazuoni wa Kimarekani, Robert Whittaker, alikusanya vipimo kutoka pande zote za dunia akavipanga pamoja, na wastani alioupata kwa msitu wa mvua wa nchi za joto ulikuwa gramu 2,200, kwa savana gramu 900, kwa mashamba yanayolimwa gramu 650, na kwa vichaka vya jangwa na nusu-jangwa gramu 90. Majangwa makali ya mchanga na mawe matupu aliyaweka pamoja na nchi za barafu, akayapa gramu 3 tu, uzito usiofika kijiko kimoja cha chai cha sukari, uliotandazwa juu ya eneo la mkeka wa kuswalia.

Sasa tulitazame jani lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba chakula cha mti hutoka ardhini, lakini sehemu kubwa kabisa ya mwili wa mti hutokana na hewa. Jani huchukua hewa ya ukaa na maji, na kwa nguvu ya mwanga wa jua huvifanya sukari. Kazi hiyo ndiyo iitwayo usanisinuru. Hewa ya ukaa ni haba mno, sehemu nne tu hivi katika sehemu elfu kumi za hewa tuivutayo, na ili kuipata jani halina budi kufungua vitundu vidogo sana vilivyotapakaa katika ngozi yake, ambavyo wanabiolojia huviita stomata. Ndani ya jani kuna unyevu mwingi, kama ulivyo mdomo wa mtu. Nje, hasa katika nchi kama Chalbi, kuna hewa kavu yenye kiu. Mara mlango ufunguliwapo hewa ya ukaa huingia kwa uchache, na mvuke wa maji hutoka kwa wingi, mamia ya chembe za maji kwa kila chembe moja ya hewa ya ukaa. Wala hapajapatikana bado mti uliojaaliwa mlango upitishao kimoja na kukizuia kingine.

Kwa hiyo jani ni mfano wa mfanyabiashara ambaye sarafu yake ni maji na bidhaa aitakayo ni hewa ya ukaa. Biashara hii ilipimwa kwa uangalifu mkubwa na Wamarekani wawili, Briggs na Shantz, huko Akron katika jimbo la Colorado, katika miaka ya kwanza ya mwongo wa 1910: walipanda mimea katika vyombo vilivyozibwa ili maji yasipate njia ya kutoka ila kupitia majanini, wakavipima vyombo hivyo siku hata siku, na mwisho wakaupima mmea wenyewe ukiwa mkavu. Wakaona kwamba mtama ulitumia kama lita 320 za maji ili kujenga kilo moja ya mwili wake, mahindi kama lita 370, ngano zaidi ya lita 500, na alfalfa, yale majani ya malisho, zaidi ya lita 800. Mtu aliyezoea kumwagilia bustani kwa kibuyu ataona hesabu hizi ni za kutisha, nazo ni za nchi ambayo hewa yake ni pole kuliko ya Chalbi. Kwani bei hii ya maji haikukazwa mahali pamoja, bali hupanda kadiri hewa ya nje inavyozidi joto na ukavu, hata ikawa jani lililo jangwani hulipa zaidi kwa bidhaa ile ile ambayo jani la mlimani hulipia kidogo.

Jani lenye akili, nasema akili kwa mfano tu, hufunga milango yake bei inapopanda. Hufanya kazi asubuhi, wakati hewa bado ina ubaridi, na ifikapo saa nne au saa tano hufunga. Lakini kufunga nako kuna hasara zake. Hewa ya ukaa haiingii tena, na jani linashinda njaa mchana kutwa ilhali mwanga umejaa tele. Na kwa kuwa mvuke hautoki, jani halipoi, likawa kama mtu aliyekauka jasho katikati ya joto. Mwanga ule ambao ungekuwa nguvu ya kazi, kwa kukosa kazi, hugeuka kuwa madhara na kuharibu vile viungo vidogo vilivyoumbwa kuupokea, na vikiharibika sharti vijengwe upya kwa gharama ya sukari iliyopatikana asubuhi. Hivyo ndivyo jua, ambalo mtu angelihesabu kuwa ndiyo mali ya pekee ya jangwa, lisivyoliongezea tija, bali mara nyingi huipunguza.

Baada ya kuijua bei, na tufanye hesabu ya nchi yenyewe. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji kamili. Basi milimita 150 ni lita 150. Lau maji hayo yote yangepita katika majani ya mmea wenye ubahili kama mtama, kwa bei ile ya Akron, yangetoa karibu gramu 470 za mwili mkavu. Lakini mtaalamu wa Kifaransa, Le Houérou, aliyechungua malisho ya nchi kame za mabara mengi, aliandika mwaka 1984 kwamba wastani wake ni kama kilo 4 za malisho makavu kwa hekta kwa kila milimita ya mvua. Nasi tukizidisha kwa 150 tunapata kilo 600 kwa hekta, ambazo ni gramu 60 tu kwa mita ya mraba. Hata tukisema kwamba mizizi, ambayo haimo katika hesabu hiyo, ina uzito sawa na sehemu iliyo juu ya ardhi, bado tunafika gramu 120, robo ya kile tulichokitarajia. Robo tatu za mvua zimekwenda wapi?

Zimekwenda njia nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ni kurudi angani bila kupitia mmea wowote. Hewa ya kaskazini ya Kenya ina uwezo wa kukausha maji ya kina cha zaidi ya mita mbili kwa mwaka, nayo hupewa milimita 150 tu za kukausha. Ni kama kumpa mtu mwenye kiu ya safari kikombe cha kahawa. Tena mvua yenyewe aghalabu haiji kwa pamoja. Mvua ya milimita tatu au nne, ambayo katika daftari ya mwaka huhesabiwa pamoja na nyingine, hulowesha kipande cha ardhi cha juu kisichozidi vidole vichache, na kabla ya mzizi kuipata jua la siku ya pili limekwisha kuichukua. Na inapokuja kwa pamoja huja kwa ghadhabu: matone mazito huupiga udongo ulio wazi, yakaziba tundu zake, na maji yakatiririka katika makorongo mpaka katikati ya bonde.

Bonde la Chalbi halina mlango wa kutokea. Maji yafikayo hapo hutandaa juu ya udongo mzito wa ziwa la zamani, na katika miaka ya mvua nyingi hufanya ziwa la kina kifupi ambalo ng'ambo yake haionekani. Kisha hukauka mahali pale pale, yakaacha chumvi. Mwaka huu chumvi kidogo, mwaka ujao kidogo, na baada ya maelfu ya miaka uwanda umekuwa mweupe kama uonekanavyo leo. Chumvi hiyo ni adui wa namna ya pekee, kwa kuwa huyashika maji yasimfikie mwenye haja nayo: mzizi hunyonya kwa nguvu, na chumvi nayo huvuta upande wake, na mmea usio na maumbile ya kuishinda hufa kwa kiu miguu yake ikiwa majini. Vichaka vichache vyenye majani manono ya chumvi huthubutu kukaa pembezoni, na ngamia huvipenda mno, kwani naye ana haja ya chumvi. Lakini katikati hakuna.

Ajabu nyingine, ambayo mkulima wa nchi ya mvua hangeisadiki, ni kwamba katika nchi kavu mchanga huwa bora kuliko udongo wa mfinyanzi. Kwetu tunausifu udongo mzito kwa sababu hushika maji. Jangwani kushika huko ndiko kunakopoteza, kwani maji hukaa juu juu, mikononi mwa jua, ilhali mchanga huyaacha yazame hata kina ambacho joto haliyafikii, na mzizi mrefu ukayakuta huko baadaye. Ndiyo sababu kando ya njia za mito ya mchanga, ambazo kwa miezi mingi ya mwaka hazina hata tone, msafiri huona mistari ya migunga ya kijani ikipita katikati ya nchi iliyoungua.

Lakini hasara nyingine, nayo ndiyo isiyosemwa sana, ni hasara ya wakati. Mvua inapokuja jangwani haikuti majani yakiingojea. Mimea ilikwisha kuyapukutisha miezi mingi iliyopita ili isife, na nyasi za mwaka mmoja bado ni mbegu. Siku zile chache ambazo udongo umelowa na hewa imepoa, na bei ya maji imeshuka hata ikakaribia ile ya mlimani, ndizo siku ambazo duka limefungwa: mti unachipua, mbegu inapasuka, mzizi unatafuta njia, na jani la kwanza linapokunjuka kikamilifu, baada ya wiki moja au zaidi, nusu ya maji imekwisha kwenda zake. Msitu wa Marsabit hauna tabu hiyo, kwa sababu majani yake yapo siku zote, tabaka juu ya tabaka, kiasi kwamba mwanga haufiki chini na udongo hukaa kivulini. Jangwani majani yote ukiyatandaza hayawezi kuifunika ardhi hata mara moja, na sehemu kubwa ya jua hupiga udongo mtupu, ikaukausha, na ukavu huo ukayazuia majani mengine yasizaliwe. Uchache huzaa uchache.

Mtaalamu mmoja wa Kiisraeli, Imanuel Noy-Meir, aliyeandika mwaka 1973 makala ambayo hata leo wanafunzi wa majangwa huanza nayo, alisema kwamba nchi hizi hutawaliwa na maji, lakini maji yajayo kwa vipindi vilivyoachana na visivyoweza kutabiriwa. Neno hili la kutotabirika lina uzito wake. Katika kaskazini mwa Kenya misimu ya masika na vuli yote miwili ni ya mashaka, na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Mifugo ikafa kwa mamilioni katika Pembe ya Afrika, na watu walioijua nchi yao kwa vizazi wakaona jambo ambalo wazee wao hawakuwasimulia. Mmea unaoishi mahali kama hapo hauwezi kutumia leo yote uliyo nayo. Sehemu kubwa ya mapato yake huwekwa akiba mizizini, au hufanywa miiba ya kujilinda, au nta ya kuyapaka majani, au mbegu za kulala ardhini. Na hata mbegu hizo, mvua ikija, haziamki zote, bali nyingine hubaki zimelala kwa ajili ya msimu mwingine, maadamu hakuna ajuaye kama mvua hii ya kwanza itafuatwa na ya pili.

Hapa msomaji aweza kuuliza kwa nini mvua yenyewe ikaikimbia nchi hii, na swali lake ni la haki, kwani Chalbi iko nyuzi tatu tu kaskazini ya ikweta, na akiufuata mstari huo kwenye ramani kuelekea magharibi atakaribia Isiro, huko Kongo, penye misitu mikubwa na mvua izidiyo milimita 1,500. Sahara na Arabuni hukaushwa na hewa inayoshuka kutoka juu katika nyuzi za ishirini na za thelathini. Chalbi haimo katika eneo hilo. Sababu yake yatokana na pepo ambazo sisi watu wa pwani tunazijua kwa majina, kusi na kaskazi, ambazo zilivileta vyombo vya Maskati na kuvirudisha. Pepo hizo hupita sehemu kubwa zikiwa sambamba na pwani, wala hazibebi unyevu wa kina kirefu. Na kule kaskazini, kati ya milima ya Uhabeshi na nyanda za juu za Kenya, kuna pengo la nchi ya chini ambamo upepo hubanwa ukaenda kwa kasi kubwa kama maji yapitayo katika mlango wa bahari. Mkondo huo ulielezwa kwa mara ya kwanza na J. H. Kinuthia na G. C. Asnani mwaka 1982. Hewa iendayo kwa kasi namna hiyo hutawanyika, na ile iliyo juu yake hushuka kujaza nafasi, na hewa ishukayo huvunja mawingu badala ya kuyajenga. Hivyo unyevu wa Bahari ya Hindi hupita juu ya vichwa vya watu wa Chalbi, ukaelekea Sudani Kusini na Kongo kuwanyeshea wengine, na wao wakaachiwa upepo, ambao nao huyakausha majani.

Tumesema ya maji. Limebaki la udongo, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu uvumbuzi mmoja mkubwa wa elimu hii ulifanywa kwetu. Huko Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki, na humo alifanya kazi mkemia aitwaye H. F. Birch, ambaye mwaka 1958 alitangaza matokeo ya majaribio yaliyoonekana kuwa mepesi mno: aliukausha udongo, akaulowesha, akaukausha tena, akaulowesha tena, na kila mara akapima kinachotoka. Akaona kwamba udongo uliokauka, pindi uguswapo na maji, hupumua kwa nguvu ya ghafla, kwani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huamka na kuila mboji, na katika kula huko huiachilia naitrojeni ambayo mmea waihitaji. Tena kadiri udongo ulivyokaa mkavu kwa muda mrefu, ndivyo mfumuko huo ulivyozidi. Wakulima wa Afrika Mashariki walikuwa wakijua tangu zamani kwamba mbegu iliyopandwa mapema, mvua zinapoanza, huwa na nguvu kuliko iliyochelewa. Birch aliwapa sababu mojawapo, na leo duniani kote jambo hilo huitwa kwa jina lake.

Sasa litazame jambo hilo katika nchi ya Chalbi na jirani zake. Mvua ya kwanza huja, viumbe vya udongoni huamka kwa saa chache tu, naitrojeni humwagika. Lakini mizizi bado imelala, na bidhaa hii nayo inakuta duka limefungwa. Sehemu yake hugeuka hewa ikapotea, sehemu huchukuliwa na maji ya makorongo, na mmea unapokuwa tayari huokota mabaki. Basi udongo wa jangwani, ambao kwa asili una mboji kidogo kwa kuwa ni majani machache yanayouangukia, hauipati nafasi ya kujitajirisha hata kwa hicho kidogo. Na fosforasi nayo, pale penye chokaa nyingi, hufungwa pamoja na kalsiamu mahali ambapo mzizi hauwezi kuifungua. Utafiti uliofanywa nchini Mali na wataalamu wa huko na wa Uholanzi, ukachapishwa mwaka 1982, ulionyesha kwamba katika malisho ya Saheli mvua ikizidi milimita 250 au 300 hivi si maji tena yanayoizuia nyasi kukua, bali ni uhaba wa naitrojeni na fosforasi. Maana yake ni kwamba mwaka wa mvua njema, ambao mfugaji aliuomba kwa Mola wake, huleta majani mengi kuliko mwaka wa ukame, lakini si mengi kadiri mvua ilivyokuwa.

Rutuba ya jangwani hukusanyika mahali pamoja, imefungwa kama kisiwa. Chini ya mgunga mmoja katika uwanda, majani huanguka, ndege hutua, mbuzi hupumzika na kuacha mavi yao, upepo huleta vumbi na mchwa huingiza vijiti chini ya ardhi. Na kwa miaka hamsini au mia udongo wa hapo huwa mweusi na mwororo, ilhali hatua kumi kutoka hapo ni changarawe tupu. Mwenye kuukata mgunga huo kwa makaa hakuangusha mti mmoja tu, amefuta kisiwa.

Mtu anayetaka ushahidi kwamba jua na joto la nchi hii si hukumu ya kifo, aende Kalacha au North Horr, pembezoni mwa Chalbi, ambako chemchemi hutoka ardhini na mikoma husimama makundi kwa makundi ikiwa kijani mwaka mzima, chini ya jua lile lile na katika upepo ule ule. Au autazame mti wa mathenge, ulioletwa kutoka Amerika na kupandwa Turkana na kwingineko katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ukaja kuwa bughudha kwa wafugaji: mti huu haukubuni njia ya kuishi bila maji, bali mizizi yake huyafuata yaliyo chini sana. Karibu na Tucson, katika jimbo la Arizona, mzizi wa mti wa jamii yake ulikutwa katika machimbo kwa kina cha mita 53. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuona njia nyingine, kwa kuwa mkonge, ambao Dakta Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, ni miongoni mwa mimea ifunguayo vitundu vyake usiku, hewa inapopoa na bei ya maji inaposhuka, ikaiweka hewa ya ukaa ghalani hadi jua litokapo. Ni hila njema. Ila ghala la usiku lina ukubwa wake, na kazi ya mchana huishia hapo akiba iishapo, ndiyo maana mimea mingi yenye hila hiyo hukua polepole.

Ardhi hii yenye tija ndogo imewalisha watu kwa karne nyingi, nami sikubaliani na wale waliozoea kuiita nchi tupu na kuwashauri wenyeji wake wakae mahali pamoja. Gramu 60 kwa mita ya mraba ni kidogo kwa mtu aliyesimama. Kwa mtu aendaye ni jambo jingine, kwani mvua ya jangwani huanguka hapa na kuacha pale, na wiki tatu za majani mabichi katika bonde moja hufuatwa na wiki tatu katika bonde jingine. UNESCO ilipoanzisha mradi wake wa uchunguzi wa nchi kame huko Marsabit mwaka 1976, ulioyapima majani, mifugo na mienendo ya watu kwa pamoja, wachunguzi wake waliona jinsi malisho yanavyoharibika kando ya visima na vijiji ambako watu na mifugo wamekusanyika kukaa, huku nyanda za mbali zikibaki bila kuliwa.

Wagabra, wanaoishi katika nchi ya Chalbi, huigawa mifugo yao: ngamia wachache wa maziwa hubaki karibu na nyumba, karibu na wazee na watoto, na wengine huenda mbali pamoja na vijana katika kambi nyepesi ziitwazo fora. Ngamia hula vichaka ambavyo mizizi yake imefika kwenye maji ya msimu uliopita; mbuzi hula matunda ya mgunga yaliyoanguka; kondoo hufuata nyasi zile za mwaka mmoja kabla hazijapeperushwa. Na wingu linapoonekana upande wa mlima Kulal au kwenye mpaka wa Uhabeshi, kambi haiondoki siku hiyo. Watu hutumwa kwanza, hukaa siku kadhaa, hutazama kama mvua ilikuwa ya kulowesha au ya kupaka vumbi rangi tu, kama nyasi zimeshika, kama maji yapo na kama hakuna maradhi ya mifugo, kisha hurudi na kuwaeleza wazee walichokiona. Na wazee husikiliza mpaka mwisho kabla ya mtu yeyote kulitaja neno la kuhama.